Kisanduku cha Neno la Kwanza

Kwanza tuelewane. Nchi ya Salamani haipo. Nimeitafuta kwenye ramani nikaikosa, na jirani yake Rahani nimeikosa vilevile. Msomaji atakayesema ameitambua, ajue amejitambua mwenyewe, na hayo mimi hayanihusu.

Salamani na Rahani zinatenganishwa na Mto Kifundo. Uliitwa hivyo kwa sababu kiangazi maji yake hufika kwenye kifundo cha mguu. Masika hufika kiunoni, lakini jina halikubadilishwa, maana serikali zote mbili hazipendi kutangaza mambo ya masika. Watu wa pande zote ni wale wale: lugha moja, ugali mmoja, mashangazi wale wale. Kisha zikasimikwa bendera mbili, na kuanzia siku hiyo kila upande ukawa unauita wa pili Ng'ambo, na watoto shuleni wakafundishwa kwamba bahati yao kubwa hapa duniani ni kutozaliwa kule.

Pamoja na bahati hiyo, watu walikuwa wakihama. Wasalamani walivuka kwenda Rahani kutafuta maisha, Warahani wakavuka kuja Salamani kuyatafuta hayo hayo, na mara nyingi walipishana katikati ya maji, magodoro kichwani, wakasalimiana na kuoneana huruma. Serikali ya Salamani iliwahesabu kwa makini waliokuwa wakiingia. Waliokuwa wakitoka haikuwahesabu, kwa kuwa walikwisha kuipa kisogo, na si adabu kumhesabu mtu kwa nyuma.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Ulinganisho. Waziri wake, Mheshimiwa Dakta Shangwe Mfaume, alikuwa mtu mnene wa sauti na wa mambo mengine, na aliizindua kwa hotuba ya saa tatu.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "nchi nzuri haijulikani kwa kutazamwa! Nyumba inayovuja, ukiitazama jua linawaka, inavuja? Haivuji! Nchi nzuri inajulikana kwa kuulizwa. Tutawauliza wananchi wetu, tutawauliza na wale wa Ng'ambo, tutaweka majibu kwenye mizani, na dunia ishuhudie pa kuishi ni wapi!"

Wataalamu wakakaa miezi sita katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, wakilitafuta swali. Wakalipata. Swali lilikuwa: "Habari za maisha?" Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja, kidogo kama ukucha, na chini yake maelekezo: *Karani aandike neno la kwanza la jibu. Maneno yanayofuata ni maoni.*

Sasa, watu wetu unawajua. Mkute mtu paa lake limeezuliwa na upepo, mbuzi wake wamekufa, mwenyewe anatetemeka homa. Muulize habari. Atakwambia nzuri. Kisha atavuta pumzi, atasema "ila", na hapo ndipo utakapotafuta mahali pa kukaa, kwa kuwa yanayofuata ni marefu. Ndivyo tulivyolelewa, na sioni aibu kusema kwamba malezi hayo nayapenda. Lakini wataalamu waliolelewa hivyo hivyo, wakaliandika swali lile na kisanduku kile, hao siwezi kuwasemea.

Mwaka wa kwanza Salamani ikapata Nzuri asilimia mia moja. Waziri alilia mbele ya kamera. Mwaka wa pili ikapata asilimia mia moja na mbili, kwa sababu waliulizwa hata wapita njia.

Karani bora wa wizara alikuwa mwanamke mmoja aitwaye Siwema. Mwandiko wake ulikuwa wa duara, safi, na kwa miaka tisa alikuwa ameliandika neno Nzuri mara nyingi hata mkono ukalijua wenyewe. Akiandika orodha ya sokoni, nyanya, vitunguu, chumvi, mkono ulimalizia kwa Nzuri. Hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa mtumishi wa umma, na aliambiwa aandike neno la kwanza.

Siwema alitoka Kitope, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Mto Kifundo, na huko ndiko alikokuwa binti yake wa pekee, Ruzuna, mwenye mimba ya miezi saba. Mume wa Ruzuna alikuwa Rahani akitafuta maisha. Siwema alikuwa akiihesabu miezi ile kwa vidole, na kila akifika mwisho wa vidole moyo ulimpiga. Yeye mwenyewe alimzaa Ruzuna kwa uchungu wa siku mbili, na kama si mkunga wa zahanati ya Kitope, wote wawili wasingekuwepo. Mifupa ya ukoo wao ndivyo ilivyo. Na mkunga yule alikuwa amestaafu miaka mitatu iliyopita. Katika chumba alichokiacha pale zahanati ilitundikwa picha ya Waziri akitabasamu, na picha ile haikuwahi kumzalisha mtu.

Akaandika barua kuomba mkunga. Majibu yalirudi haraka, jambo ambalo peke yake lingemtia mtu wasiwasi.

*Wakunga hupelekwa penye Mbaya,* yalisema. *Kwa mujibu wa takwimu, Kitope haijawahi kuwa na Mbaya. Tunaambatanisha ushahidi. Hongereni.*

Ushahidi ulikuwa kurasa tisa za fomu, na kila ukurasa ulikuwa mwandiko wake mwenyewe, wa duara, safi.

Wiki iliyofuata alitumwa Rahani kukusanya majibu ya upande wa pili wa mizani. Akapandisha kanga, akaingia mtoni. Katikati, kwenye jiwe kubwa bapa ambalo halina bendera ya mtu, alimkuta mwanamume wa makamo amekaa, suruali kaikunja hadi magotini, anakula muhogo wa kuchoma. Ubavuni alikuwa na mkoba wa fomu.

"Karibu, dada," akasema. "Habari za utokako?"

"Nzuri, kaka. Za kwako?"

"Nzuri." Akamkatia kipande cha muhogo. "Naitwa Chande. Nimetumwa na Tume ya Rahani ya Kujipima na Jirani. Nakuja kwenu kuuliza."

"Mimi ndio naenda kwenu kuuliza."

Wakacheka sana, kisha wakaoneshana fomu kama watu wanaooneshana picha za watoto. Fomu ya Rahani nayo ilikuwa na kisanduku kimoja.

"Sisi kwetu wajanja," Chande alisema. "Tunaandika neno la mwisho. Mtu anaweza kuanza ovyo, la muhimu kamalizaje."

"Na watu wa kwenu humalizaje?"

"Si unatujua? Hata mtu azike watatu, atamaliza 'tunamshukuru Mungu'. Kwa hiyo tunaandika Mungu. Mungu asilimia mia moja. Rais wetu anatembea kifua mbele."

"Na ya katikati?"

Chande alitafuna muhogo wake taratibu. "Ya katikati ndiyo yenyewe, dada yangu. Mke wa jirani yangu ana mimba. Mkunga wetu walimhamishia mji mkuu, zahanati ina kufuli tangu mwaka juzi. Tukasema si neno, siku ikifika tutamvusha Salamani. Kwenu mambo yako vizuri, tunasikia redioni."

"Sisi tulipanga kumleta binti yangu kwenu," Siwema akasema. "Tunasikia redioni."

Safari hii hawakucheka. Maji yalipita huku na huku ya jiwe, na kila mmoja akatazama upande aliokuwa akiutegemea.

Siwema hakwenda Rahani. Majibu ya Rahani aliyajaza pale pale kwenye jiwe, yote Nzuri, kwa kuwa ndivyo yangekuwa. (Wizara iliyapokea, ikatoa tamko kwamba Rahani wanatuiga.) Kisha akaomba likizo, akaenda Kitope, akawaita watu kwenye baraza ya zahanati.

"Jamani, mkunga wetu yumo ndani ya neno moja," aliwaambia. "Waziri anakuja mwezi ujao kutupa tuzo ya Kijiji Kizuri cha Taifa. Akiuliza habari, mjibu mbaya. Basi. Neno moja tu, mimi nitaliandika."

Wa kwanza kukohoa alikuwa Bi Kidawa, bibi mkubwa wa kijiji, ambaye nusu ya wale waliokaa pale walikuwa wajukuu zake na nusu nyingine walikuwa wakimwogopa.

"Siwema, mwanangu. Mgeni hajakaa. Maji hajanywa. Nimtupie mbaya usoni? Mama yangu atafufuka anichape."

"Bibi, mficha uchi hazai."

"Na anayeuanika mbele ya Waziri anazaa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Siwema hakukata tamaa. Akajifunga shuka begani kama Waziri, akavimbisha tumbo, akatembea kwa maringo hadi mbele yao. "Habari zenu, wana-Kitope?"

"Nzuri!"

"Jamani!"

"Samahani, imeponyoka."

Wakarudia. Wakarudia tena. Mzee mmoja fundi baiskeli alijitahidi kuliko wote, mishipa ilimtoka shingoni, akasema "Mba... mba... mbali na mafua haya, nzuri," akakaa chini akijifuta jasho. Wengine walisema mbaya kwa kunong'ona, wakaomba radhi papo hapo. Ilichukua siku tatu. Siku ya nne, Siwema aliwauliza habari wakamjibu "Mbaya!" kwa pamoja, kuku wakatawanyika, na Bi Kidawa akainuka kwenda kutawadha.

Ruzuna alikuwa akiyatazama yote hayo akiwa ameegemea nguzo, miguu imevimba, mkono tumboni. "Mama," alisema walipokuwa wakirudi nyumbani, "mtu akifa kwa adabu anaandikwa nini?"

"Usiseme hivyo," Siwema akamjibu, na usiku huo hakulala.

Siku ya Waziri ikafika. Magari kumi na saba yalikuja kwenye barabara ambayo kwa takwimu ilikuwa ya lami. Mheshimiwa Dakta Shangwe Mfaume alishuka, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Alishika kipaza sauti.

"Wana-Kitope! Habari zenu?"

Watu wakavuta pumzi. Midomo ilishakutana tayari kwa ile *m* ya mbaya, Siwema aliiona kwa macho yake. Lakini watu wakamtazama yule mbele yao, na hawakuona Waziri. Waliona mgeni, kachoka, katoka mbali, hata maji hajapewa.

"Nzuriiii!" wakaitika, na sauti ya Bi Kidawa ikawa juu ya zote.

Baadhi walijiziba midomo. Fundi baiskeli akainama akawa anatazama viatu vyake. Siwema alisimama na fomu mkononi.

Waziri aliridhika mno, akashuka kuwapa watu mikono, kipaza sauti mkononi, kamera nyuma. Akafika kwa Ruzuna. Akaliona tumbo, akafurahi zaidi, kwa kuwa tumbo hutoka vizuri kwenye picha.

"Na wewe binti, habari za maisha?"

Ruzuna hakuwa na pumzi za kutosha. Mtoto alikuwa amemkaba mbavu, jua kali, na alikuwa amesimama tangu asubuhi. Mtu mwenye pumzi chache huchagua maneno.

"Ila mkunga hatuna, Mheshimiwa," akasema.

Waziri akasubiri. Alikuwa akisubiri lile neno linalotangulia, kama mtu aliyeshusha mguu gizani akakikosa kidato cha ngazi. "Umesemaje?"

"Ila mkunga hatuna."

Siwema alikuwa hatua mbili pembeni. Kazi yake ilikuwa kuandika neno la kwanza. Mkono ulitaka kuandika Nzuri, kwa mazoea. Akaushika kwa mkono wa pili, akaandika kwa duara, safi: *Ila*.

Na wewe unajua ila ni nini. Ni neno la kugeuzia maneno, na pia ni jina la kasoro. Hakuna kisicho na ila, walisema waliotutangulia. Bi Kidawa alikuwa wa kwanza kung'amua. Uso ulimchanua.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe hatusemi ile mbaya! Nzuri tunaimeza tu!" Akamshika Waziri mkono kwa heshima zote, akapiga goti kidogo. "Ila kisima kimefukiwa, baba."

"Ila mwalimu ni mmoja kwa watoto mia tatu!" fundi baiskeli akapaza sauti.

"Ila daraja lilikwenda na maji!"

Adabu haikuvunjika hata kidogo. Watu walijipanga foleni, kila mmoja akampa Waziri mkono kwa heshima na ila yake moja. Siwema aliandika hadi kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine. Ila mia mbili na kumi na nne. Jioni ile Kitope walicheza ngoma bila sherehe yoyote, na Siwema alimkumbatia binti yake akamwambia mkunga anakuja, mwanangu, sasa anakuja.

Wizara iliunda Kamati ya Ila.

Ilikaa wiki tatu katika hoteli ile ile. Wajumbe walikuwa tisa, na walikuwa na kamusi mbili zisizoelewana. Barua yao ililetwa Kitope kwa gari la serikali, asubuhi ya mvua kubwa ya masika, na asubuhi hiyo hiyo Ruzuna alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Siwema alitoka mbio kulipokea lile gari akidhani limemleta mkunga. Dereva akamkabidhi bahasha.

*Neno "ila",* iliandikwa, *ni kiunganishi. Kiunganishi huunganisha. Kwa kuwa kabla yake hapakusikika kitu, na kwa kuwa haiwezekani kitu kuunganishwa na hewa, ni dhahiri kwamba Nzuri ilikuwepo, ila ilimezwa. Wizara imerekodi Nzuri 214 zilizomezwa. Hongereni tena.*

Siwema aliikunja bahasha akaiweka kifuani. "Baba yangu," alimwambia dereva, "nina mgonjwa. Hospitali ya wilaya ni saa mbili kwa gari. Nisaidie."

Dereva hakuwa mtu mbaya naye. Alipiga simu mbele yake, akasikiliza, akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee, akakata. Hakumtazama usoni. "Gari lina kibali cha barua tu, mama. Nimewaambia kuna mgonjwa Kitope. Wamesema Kitope ni Nzuri, na Nzuri haipati gari la dharura." Machozi yalimlengalenga. "Ningekuwa na langu..." Akaondoka, matairi yakiteleza kwenye tope.

Wakambeba Ruzuna kwa kitanda cha kamba. Kwa miguu hospitali ilikuwa mbali mno; ilibaki njia moja, ya mto, na ingawa Siwema alijua zahanati ya Rahani ina kufuli, huenda kule wangepata gari. Maji yalikuwa kiunoni na yenye nguvu. Wanaume wanne walibeba, Siwema akatangulia akishika kichwa cha binti yake, Bi Kidawa akafuata na miaka yake yote. Walipokaribia lile jiwe bapa, waliona kitanda kingine kinakuja kutoka upande wa pili, na juu yake mwanamke anayepiga kelele.

"Mnakwenda wapi?" Siwema akauliza, ingawa alishajua.

"Kwenu. Ninyi je?"

"Kwenu."

Wakaviweka vitanda vyote viwili juu ya jiwe, wakavitandia majani ya migomba kwa juu, na wanawake wazima wa nchi mbili wakafanya walilolijua. Lilikuwa dogo. Saa nane mchana mwanamke wa Rahani alijifungua mtoto wa kike, na mtoto akalia kwa nguvu. Saa kumi Ruzuna alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Bi Kidawa alimgeuza, akampulizia, akampiga makofi mgongoni, akamwita kwa majina yote ya ukoo. Ruzuna alikuwa akiuliza, "Mbona simsikii? Mama, mbona simsikii?" Mvua ilikuwa ikinyesha pande zote mbili sawasawa.

Walimzika Kitope. Siwema aliirudishia wizara kalamu, mhuri na cheti chake cha karani bora.

Siku kumi baadaye Chande alikuwa akirejea kwao. Alikuwa amezunguka Salamani zaidi ya miezi miwili na fomu zake, hakujua lolote la jiwe lile wala kwamba mke wa jirani yake alijifungulia pale. Akakumbuka kwamba dada wa muhogo ni mtu wa Kitope, akaulizia, akaoneshwa nyumba. Ruzuna alikuwa amelala ndani. Siwema alikuwa uani anachambua mchele.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Habari za hapa, dada yangu?"

"Nzuri," Siwema akasema.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo, kama mtu aliyejisikia akiitwa. Chande alisimama mlangoni mkoba begani, asijue kama aingie.

"Hapana," akasema Siwema. "Hiyo si yenyewe. Niulize tena."

Chande alimtazama usoni vizuri kwa mara ya kwanza. Akaushusha mkoba.

"Habari za hapa, dada?"

"Mtoto wa Ruzuna amekufa."

Chande akasubiri mwisho wake. Kwao jibu halikatiki hapo. Alizoea kwamba mtu atavuta pumzi na kumalizia kwa kumshukuru Mungu, na yeye ataandika. Alisubiri hadi akaona aibu. Siwema alikuwa amekwisha kusema.

Akavua viatu, akaingia, akakaa chini kwenye mkeka.